Hana Swali, Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya muda. Nilivaa koti nililolivaa kwenye harusi ya binti yangu, nikakalishwa kwenye korido ya idara ya upasuaji ya hospitali moja ya Louisville, kitambulisho kikining'inia kifuani: Gaspari, Mkalimani, Kiswahili na Kirundi. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Wiki iliyotangulia nilikuwa bado nafunga maboksi kiwandani kule Jeffersontown, nimesimama tangu alfajiri mpaka viatu vinabana. Sasa nilikuwa nimekaa kitini, na manesi wakipita wananiamkia.

Mwaka ulikuwa 2014. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii ya ukalimani wa hospitali, mjue ilivyofanywa wakati wetu, na mjue pia jambo moja nililolifanya ambalo halimo kwenye vitabu vya mafunzo.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mratibu wa Wakalimani, mama mmoja Mmarekani mwembamba, mwenye miwani ya kamba. Alinipa kanuni akiwa amesimama, kabla hata sijavua kofia.

"Bwana Gaspari, usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Mgonjwa akitukana, tukana. Daktari akikohoa, hilo unaweza kuliacha."

Kanuni ya pili ilikuwa kusema kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema "naumwa tumbo", mkalimani hasemi "anasema anaumwa tumbo". Anasema "naumwa tumbo", kama vile tumbo ni lake. Na ukitaka kusema neno lako mwenyewe, labda hujaelewa, unajitaja kama mtu wa tatu: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Hapo wote wanajua kwamba sasa anayesema ni wewe.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee Mrundi mwenye ngiri. Daktari mpasuaji alipomwambia atalazwa usingizi kwa nusukaputi, mzee alinishika mkono akasema kwa Kirundi, "Mwanangu, huko kulala, nitaamka?" Nikasema kwa Kiingereza, "Nitaamka?" Daktari akacheka kidogo, kisha akamjibu kwa upole, kwa kirefu. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nimezaliwa upya.

Mjue nilikotoka. Kambini Kigoma nilikuwa msaidizi wa tabibu kwa miaka mingi. Nilisafisha vidonda, nikagawa vidonge, nikashika taa watu wakishonwa. Kambi nzima ilikuwa ikiniita daktari, na ingawa sikuwa, sikumkataza mtu. Kisha nikaletwa Amerika, nikawa mzee wa maboksi. Basi pale Louisville, ambako mkalimani wa Kiswahili idarani nilikuwa mimi peke yangu, watu walianza tena kusimama nikipita. Kanisani waliniuliza dawa ipi inanywewa kabla ya kula. Nilirudi kuwa mtu.

Mwaka uliofuata ndugu za mke wangu walituita Columbus, tukapata nyumba ya kupanga Clintonville. Hospitali niliyoajiriwa huko ilikuwa kubwa, na idara ya ukalimani ilikuwa na Mkuu wa Kitengo, mwanamume mkimya aliyewahi kuwa mkalimani wa lugha ya alama. Alinipeleka upasuaji kwa sababu ya uzoefu wangu. Miezi mitatu nilitawala. Kisha akamwajiri Esperansi.

Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mama wa watoto watatu, hajafika miaka arobaini. Kiswahili chake kilinikera siku ya kwanza. Alisema "kitabu yangu", alisema "mutu", na kila sentensi aliifungua kwa "bon" au "donc" za Kifaransa. Mimi nilikuwa nimesoma Kiswahili kwa walimu wa Tanzania. Kwangu uvimbe ulikuwa uvimbe na kizazi kiliitwa mji wa mimba, kama kilivyoandikwa. Nilijua mtu huyu hatakaa wiki mbili.

Wiki mbili zilipoisha, wagonjwa walikuwa wanamwomba kwa jina.

Hamjui maumivu ya namna hiyo mpaka yawapate. Unaingia chumba cha kusubiri, umenyoosha tai, unasema "Habari za asubuhi, mimi ndiye mkalimani wenu," na mgonjwa anatazama nyuma yako. "Mama Espe hakuye leo?" Wanawake, wanaume, hata wazee wa Kirundi, watu wa kwetu! Mzee mmoja wa Makamba, ambaye nimemjua tangu kambini, aliniambia bila aibu, "Gaspari, wewe unasema vizuri. Lakini yule mama ananifanya niseme mimi."

Nikaanza kumchunguza. Siri yake ilikuwa benchi. Daktari alipochelewa, na madaktari wa upasuaji huchelewa, mimi nilisoma gazeti mbali kidogo, kama kanuni inavyotaka: mkalimani asijenge urafiki na mgonjwa. Yeye alikaa ubavuni mwao na karatasi.

"Bon, Mama," nilimsikia akimwambia bibi mmoja aliyekuwa anaumwa nyongo. "Daktari akisema 'tutatoa', wewe uulize: mutatoa nini? Na mutaacha nini? Usiogope. Uulize kama kuko njia ingine bila kisu. Uulize, nikingojea, itakuwa nini? Uulize, ni wewe mwenyewe utanipasua ao ni mwanafunzi? Umeshapasua ugonjwa huu mara ngapi? Na dawa ya majani yenye unakunywa kwako, umwambie, sababu inaweza kuzuia damu kuganda."

"Atakasirika," bibi akasema.

"Daktari mwenye anakasirikia swali, uombe mwingine."

Bibi aliingia mle ndani na maswali sita. Nilikuwa zamu ya chumba cha jirani, mlango wazi, nikamsikia daktari akijibu moja baada ya jingine, sauti yake ikibadilika, kama mtu aliyekuwa akiongea na ukuta, ghafla ukuta ukajibu. Nilipaswa kufurahi. Nilihisi kitu kinanipanda kooni. Maswali yale niliyajua mimi! Ningeweza kuyaandika yote, na mengine zaidi, tangu siku nashika taa kambini. Kwa nini wazo lile halikunijia mimi kwanza?

Nikafanya anavyofanya mwenye wivu tangu dunia iumbwe. Nikatafuta kanuni. Nilimwandikia Mkuu wa Kitengo barua ya ukurasa mmoja, Kiingereza safi: mkalimani mwenzangu anashauri wagonjwa, anaongeza maneno, anavuka mipaka ya kazi. Kila neno la barua ile lilikuwa kweli. Mkuu aliisoma, akashusha pumzi, akasema hana budi. Kesho yake Esperansi alihamishiwa kliniki ya macho, jengo la ng'ambo. Alipokuja kuchukua koti lake alinipa mkono. "Papa Gaspari, munichungie wagonjwa," alisema. Nikamjibu, "Bila shaka, dada."

Siku tisa baadaye nikampata Zawadi.

Zawadi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mkongomani wa Fizi, anafanya kazi ya kukunja nguo kwenye ghala. Alikuwa na binti mmoja aliyemzaa kambini. Mumewe wa kwanza alifia kambini, na sasa alikuwa ameolewa tena, mwaka haujaisha. Alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi mpaka anazimia kazini. Picha zilionyesha uvimbe kwenye kizazi. Daktari bingwa wa upasuaji wa wanawake, mama wa makamo mwenye sauti ya haraka, alikaa mbele yetu na fomu ya ridhaa, ile ambayo mgonjwa hutia sahihi kukubali kupasuliwa.

Kabla daktari hajafungua mdomo, Zawadi aliniuliza, "Papa, Mama Espe iko wapi? Aliniambia tutaingia naye."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasalimia," nikasema.

Hilo lilikuwa la kwanza. Miaka miwili kazini sikuwahi kubadilisha neno, na nilibadilisha lile bila hata kupepesa.

Daktari alieleza ugonjwa. Nami nikamweleza Zawadi kwa Kiswahili changu kizuri kwamba njia ya uhakika ni kuondoa mji wa mimba. Aliitikia kwa kichwa. Mtu mzima asiyeelewa huitikia kwa kichwa, nilikuwa nalijua hilo tangu ujana wangu. Kisha daktari akauliza swali ambalo kwa Kiingereza chao ni njia ya adabu ya kumuuliza mwanamke kama amemaliza kuzaa. Anauliza kama familia imekamilika. Nami nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Familia yako imekamilika?"

Uso wa Zawadi ukang'aa. "Ndiyo, Papa. Mungu alisaidia. Tulifika sisi wote."

Tulifika sisi wote. Niliyasikia maneno yale. Nilijua mkimbizi anaposema familia imekamilika anahesabu nani alipanda ndege na nani alibaki. Kitu kilinigusa begani, kikasema, Gaspari, simama hapo. Ningesema "Mkalimani anaomba ufafanuzi", ingechukua nusu dakika. Lakini nilikuwa bado na ile "Mama Espe iko wapi" kifuani, kama mwiba wa samaki. Nikasema kwa Kiingereza, "Ndiyo."

"Ana maswali yoyote?" daktari akauliza.

Nikamuuliza. Zawadi akainama. "Maswali iko kwa karatasi ya Mama Espe. Bila yeye sijuwe nitauliza nini."

Nikamtazama daktari machoni. "Hana swali, Daktari."

Zawadi akatia sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole.

Siku ya upasuaji ilifika baada ya wiki tatu, asubuhi. Zawadi alikuwa kitandani na gauni la hospitali, kofia ya karatasi kichwani, dripu mkononi. Mumewe alikuwa ameshatoka kwenda kusubiri. Nesi alikuwa akipitia orodha ya mwisho: jina, tarehe ya kuzaliwa, mara ya mwisho kula, meno ya bandia. Mtaalamu wa nusukaputi alishafika mlangoni. Nesi akasema, kwa namna yao ya kumtuliza mtu, "Karibu yataisha, mama. Utapumzika."

Nikalitafsiri. Zawadi akatabasamu, akaniambia, "Eeh, Papa. Uvimbe ikishatoka, mwaka kesho Mungu atatupatia mutoto. Bwana yangu ameshachagua jina."

Vijana wangu, nimehama nchi tatu. Nimevuka mto usiku watoto wamefungwa mgongoni. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, chumba chenye taa nyeupe na nesi mwenye kalamu.

"Anasemaje?" nesi akauliza.

Ningejibu "anashukuru", hakuna ambaye angejua. Fomu ilikuwa na sahihi. Angeamka, angeenda nyumbani, angesubiri mtoto mwaka mmoja, miwili, na ningeendelea kukutana naye kanisani. Hayo niliyaona yote kwa pamoja. Niliona pia kwamba nikisema kweli, Esperansi atakuwa ameshinda. Naona haya kuliandika, lakini nilipima. Kwa pumzi moja, mbili, nilipima kizazi cha yule mwanamke na jina langu.

"Mkalimani anaomba tusimame," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Mgonjwa amesema mwakani atazaa mtoto. Mkalimani anaamini mgonjwa hajui kinachotolewa. Kosa ni la mkalimani."

Daktari aliitwa, akaja na kofia yake ya buluu. "Uliniambia hana swali."

"Alikuwa na maswali, Daktari. Sikuyasema."

"Nilimuuliza kama amemaliza kuzaa."

"Alijibu kwamba familia yake yote ilifika Amerika. Mimi nilisema ndiyo."

Hakupaza sauti. Alivua glavu, moja, kisha nyingine, akamwambia mtaalamu wa nusukaputi arudi zake. Kisha akanigeukia. "Mwambie sasa. Umwambie vizuri."

Nikamgeukia Zawadi. Nikaacha Kiswahili cha vitabuni. "Dada, walitaka kutoa kizazi. Chote. Haungezaa tena."

Aliweka mkono wenye dripu juu ya tumbo. Hakunitukana, laiti angenitukana. Alisema tu, "Muniitie Mama Espe."

Esperansi alikuja kutoka jengo la ng'ambo akihema, na mimi nikatolewa nje. Nilisimama koridoni. Kupitia mlango niliyasikia maswali yale yale ya benchi, safari hii kwa sauti ya Zawadi mwenyewe, ikitetemeka mwanzoni, baadaye haitetemeki: mutatoa nini, mutaacha nini, kuko njia ingine? Kulikuwa na njia nyingine. Uvimbe peke yake ungeweza kutolewa na kizazi kikabaki, ingawa damu ingeweza kuwa nyingi na uvimbe ungeweza kuota tena. Daktari aliyaeleza yote mawili. Zawadi akauliza, "Ni wewe mwenyewe utapasua?" Daktari akasema ni yeye. "Bon. Basi nitarudi kwangu kwanza, niongee na bwana yangu."

Alipotoka alimkumbatia Esperansi, akalia kwenye bega lake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Na mjue moyo wa mwanadamu ulivyo: nilikuwa ndiyo kwanza nimekiri, machozi yananilenga, na bado niliona wivu kwa kumbatio lile.

Mkuu wa Kitengo aliniita mchana. Aliweka barua yangu ya zamani mezani, karibu na taarifa ya daktari.

"Uliniandikia kwamba yeye anaongeza," alisema. "Wewe umepunguza. Kati yenu ni nani alikuwa karibu kumdhuru mtu?"

Nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa upasuaji miezi sita. Esperansi alirudishwa. Mkuu alimwambia asifundishe wagonjwa akiwa zamu, lakini Jumamosi, ukumbini kanisani kwake, afundishe kama jirani, na hospitali ikamtafutia daktari wa kwenda kuhakikisha maswali yamekaa sawa. Zawadi alipasuliwa baadaye, uvimbe tu. Mtoto alipatikana, wa kiume. Nilialikwa kwenye ubatizo. Nilipeleka zawadi kwa mkono wa mke wangu, mimi sikwenda.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo. Binti yetu alikuwa amenunua nyumba mtaa wa Riverside, karibu na mto, akatutaka karibu. Msimamizi wa wakalimani huko, kijana wa kutoka Burma aliyekulia kambini kama sisi, aliniuliza siku ya kwanza kama nina wazo lolote la kuboresha kazi. Nikatoa karatasi. Maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kisu, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Uvira na mtu wa Kigoma wote wataelewa. Nilitaka yaandikwe vizuri, mgonjwa apewe siku anayopangiwa upasuaji, ajibiwe na daktari mwenyewe.

"Umeyatoa wapi, Mzee?" aliuliza.

"Kwenye uzoefu," nikasema.

Yalichapishwa. Yakabandikwa ukutani, kwenye kila chumba cha kusubiri. Manesi waliiita karatasi ya Mzee Gaspari. Wakongomani wa Buffalo walisimama nilipopita. Nilipata kila kitu nilichokuwa nimemwonea wivu Esperansi, na nilikivaa kama koti la mtu mwingine, mabega yanabana. Nilipostaafu, mwishoni mwa 2017, msimamizi alisimama mbele ya keki, akainua karatasi ile, akasema hiki ndicho Mzee anatuachia. Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono.

Kesho yake mchana nilimpigia Esperansi. Nilikuwa sijaongea naye tangu niondoke Columbus. Nilimwambia yote, barua, "anasalimia", karatasi, keki. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika.

Akasema, "Papa, ile barua niliijua zamani. Mukubwa alinisomea, akaficha jina. Kwa benchi ile tulikuwa wagonjwa, mimi na wewe tu. Ni nani mwingine angeandika?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Kisha ile asubuhi ya Zawadi, wewe ndiye ulisimamisha. Ningekuambia nini?" Nikamsikia anavuta kiti. "Donc, hiyo karatasi yenu, iko na maswali ngapi?"

"Sita."

"Mimi sasa niko na saba."

"La saba ni lipi?"

"Mgonjwa anamuuliza daktari: nikirudi nyumbani, alama gani itaniambia nirudi haraka, na nitamuita nani? Zawadi ndiye alinifundisha. Kidonda chake kilipata usaha, na hakujua kama ni kawaida."

Nikaliandika pembeni ya gazeti. Nimestaafu, nina wajukuu, kazi imeisha, na bado nilisikia kile kitu kikinipanda kooni, kwamba ameniacha tena kwa swali moja. Sikukimeza safari hii. Nilimwambia.

Esperansi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nimpigie msimamizi wangu, niongeze la saba, na niseme limetoka kwa nani.

Nilipiga simu siku ile ile. Karatasi ya Buffalo sasa ina maswali saba, na jina lililo chini yake si langu. Mkiikuta ukutani, mpeni mgonjwa aisome kabla daktari hajaingia. Na mgonjwa akiwauliza mwenzenu yuko wapi, mtafsirieni daktari hilo nalo.